Barua kwa mpwa wangu mtunza peni

Mpwa wangu,

Pole na pampu. Mama yako kanipigia jana, anasema maji yamejaa kisimani ila mmerudia ndoo na kamba. Nikafungua simu nikakutana na status yako: "Peni iliyotunzwa ni peni iliyopatikana." Chini umeandika Benjamin Franklin, yule mwanasiasa wa Marekani.

Franklin mwache apumzike. Waingereza, wenye hiyo sarafu ndogo ya peni, walikuwa na methali hiyo kabla yake. Imo kwenye methali alizokusanya George Herbert, padri na mshairi, zikachapwa 1640, miaka 66 kabla Franklin hajazaliwa. Na kwa Herbert ilikuwa tamu zaidi: peni usiyoitumia umeipata mara mbili.

Lakini hao hao wana nyingine, ambayo status hukuiweka: mwerevu wa peni, mjinga wa pauni. Hadi Februari 1971, shilingi yao ilikuwa na peni 12 na pauni ilikuwa na shilingi 20. Piga hesabu mwenyewe: anayebana moja anamwaga 240.

Fundi alikuandikia kwenye kipande cha boksi, nimekiona kwa macho yangu: "waya wa shaba". Alikipigia mstari mara mbili. Wewe ukarudi na pampu yenye waya wa alumini kwa sababu imepungua elfu arobaini, na ukatusomea risiti sebuleni kama matokeo ya mtihani. Mwezi wa pili ikaanza kunuka kama plastiki iliyosahauliwa jikoni. Ukalipa ifungwe koili upya. Sasa imeungua tena.

Najua utanijibu kwa maneno ya Lowndes, katibu wa zamani wa Hazina ya Uingereza, maana wewe hukosi jibu. Ni kweli, Lord Chesterfield alimwandikia mwanawe mwaka 1750 akimsifu mzee huyo wa Hazina, aliyezoea kusema: tunza peni, pauni zitajitunza. Wajukuu wawili wa Lowndes wakarithi mali nyingi tu. Sibishi. Ila mimi naona peni za kutunza ni zile zinazotoka mfukoni bila kuagana: vocha za kila saa, soda mbili kabla ya saa sita. Hizo mbona huzibani?

Nakuja Jumamosi. Usinunue chochote kabla sijafika, hata kama kuna punguzo. Na kile kipande cha boksi, usiniambie mmewashia jiko.

Mjomba wako