Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka wa asali na mitungi

Wanachama wenzangu, wazazi, walezi, na nyie vijana wenye kisukari ambao ndo wenye chama hiki, habari za hapo mlipo. Katibu kaniambia niandike fupi, ntajaribu. Ya hela mhazini ameshayaweka kwenye karatasi yake, mi ntagusa sehemu moja tu kwasababu inanihusu.

Nianze na asali. Sisi watu wa Tabora asali ni yetu, mtu akirudi toka Sikonge bila hata kidumu watu wanauliza kulikoni, sasa mtaani yakaingia maneno kwamba asali mbichi inamaliza kisukari, mtoto akinywa asubuhi na jioni anaachana na sindano. Binti yetu mmoja aliachishwa insulini, ile dawa ya sindano ya kushusha sukari, na shangazi yake kwa maneno hayohayo, na kwa upendo kabisa, siku mbili tatu mtoto anatapika, tumbo linakata, anahema mbiombio, pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Wakaanza na dawa ya malaria. Jamani tulimpata kwa shida, akalazwa, dripu na insulini, leo yupo tena anacheza netiboli. Shangazi sasa hivi hakosi kikao na ndo anaongea kuliko wote. Sikumlaumu, mana hata mimi wangu alipoanza kukonda na kukojoa usiku kucha nilisema minyoo.

Basi somo la mwaka likawa hilo. Watoto wetu wengi wana aina ya kwanza ya kisukari, yani kongosho halitengenezi tena insulini, kwahiyo hakuna asali wala mizizi itakayoirudisha, na anayeomba aombe huku mtoto anachoma. Ila asali yenyewe hatujaitupa. Kijiko kimoja kikubwa kina sukari kama gramu 17 hivi, na kijana sukari ikishuka chini ya 4 kwenye mashine ya kupimia, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, anaanza kujibu hovyo, anahitaji kama gramu 15 za sukari ya haraka, anasubiri dakika 15 anapima tena. Kwahiyo vijana sasa wanatembea na kichupa cha asali mfukoni, na hata mababu waliokuwa wanabisha wameridhika, asali imepata kazi. Aliyezimia lakini usimnyweshe chochote, utampalia, mkimbize hospitali.

Mashuleni bado kuna kazi. Kuna mwalimu alimnyang'anya kijana wetu glukozi anaona ni utoto wa kulambalamba darasani, kwingine sindano zikaitwa madawa na mtoto akaitiwa mzazi. Tulianza kwenda sisi wazee na barua yenye mhuri, hatukusikilizwa sana. Tulichofanya baadae, kijana wa kidato cha pili akaenda mwenyewe ofisi ya walimu, akajipima na kujichoma mbele yao huku anawaelezea, walimu kimya. Kuanzia hapo tunawatuma wao. Na wanajua kuelezea, wanawapigia ile hadithi ya Leonard Thompson, mtoto wa miaka 14 kule Toronto aliyekuwa wa kwanza kuchomwa insulini, Januari 1922, dawa ya kwanza ilikuwa chafu ikamletea mzio, wakaisafisha wakamchoma tena, akainuka. Kadogo kamoja kakauliza, afu akafa lini? Akiwa na miaka 26, kwa nimonia. Kakasema basi mi ntampita.

Sasa mitungi. Mnajua joto la Tabora mwezi wa 9 na wa 10, na umeme wetu mnaujua. Wasio na friji ya kutunzia insulini tumewafundisha mtungi ndani ya mtungi, katikati mchanga unaoloweshwa kila siku, juu kitambaa kibichi. Haufikii friji ila dawa haiivi. Kiangazi unafanya kazi vizuri kwasababu hewa ni kavu, masika unalegea, msije mkashangaa. Na wenye friji nao msijivune, kuna mama aliiweka chupa juu pamoja na samaki ikaganda, insulini iliyoganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka vizuri vipi. Mama alilia, tukamtafutia nyingine.

La kwangu. Novemba 14, siku ya kisukari duniani, mimi ndo niling'ang'ania tisheti, tukatembea mjini tumependeza kweli na picha zipo. Hela ile ingenunua stripu, vile vijikaratasi vya kupimia sukari kwenye mashine. Boksi lina 50, mtoto anayepima mara nne kwa siku halimfikishi wiki mbili, na wiki ile ya tisheti kuna watoto walikuwa wanakisia sukari kwa kujisikia tu. Mhazini alinionya mbele ya kamati nikamjibu vibaya, naomba radhi hapa hapa mbele yenu.

Mwaka unaokuja hakuna tisheti, michango yote inaanzia kwenye stripu. Wa Nzega na Kaliua wameomba tuwafuate badala ya kuwaita mjini kila mara maana nauli inawaua, mi naona wana haki ila tutapiga kura. Uchaguzi nao umefika, nagombea tena, asiyenitaka asinionee aibu. Mkija kikaoni kila mzazi aje na mashine yake ya kupimia, zile zinazoonyesha tarehe ya mwaka 2000 tutazirekebisha tarehe siku hiyohiyo kabla ya chai, na chai haina sukari.