Kabla ya kuuliza bei ya Kuala Lumpur, tuambie tarehe

Mteja anayetaka kwenda Kuala Lumpur, mji mkuu wa Malaysia, huanza na swali moja: "Kifurushi shilingi ngapi?" Nasi, mawakala wa safari, tunamjibu kwa swali: unaenda lini? Wengine hudhani tunakwepa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tulishaumwa.

Miaka michache iliyopita tulimsafirisha mama mmoja wa Upanga na binti zake wawili. Tiketi safi, hoteli safi. Siku ya pili simu ikaita, yuko Jalan Petaling, mtaa wa Wachina: "Mwanangu, mmenileta sokoni au makaburini? Milango ya chuma yote imeshushwa." Ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Wenye maduka walikuwa kwa wazee wao, wanakula na kugawiana bahasha nyekundu za pesa. Kosa lilikuwa letu. Tulitazama kalenda ya Tanzania peke yake.

Jiji lile linaishi kwa kalenda kadhaa kwa pamoja. Wachina walifika mwaka 1857 kutafuta madini ya bati, wakashukia pale mito ya Gombak na Klang inapokutana, pakaitwa Kuala Lumpur kwa tope lake: makutano ya matope. Watamil waliletwa enzi za Waingereza, reli na mashamba ya mpira yakitaka mikono. Wamalay, ambao ni Waislamu, ndio wenye lugha na wenye Ijumaa. Haya yote unayaona kwa miguu asubuhi moja. Anzia Masjid Jamek, uliojengwa mwaka 1909 palepale mito inapoungana, kisha teremka hadi Jalan Tun H.S. Lee. Upande mmoja kuna hekalu la Kihindu la Sri Mahamariamman la mwaka 1873, unavua viatu mlangoni. Karibu likabiliane nalo kuna hekalu la Kichina la Guan Di, moshi wa ubani unakuwasha macho. Ijumaa adhuhuri usipange kutalii msikiti, nenda ukiwa wa kuswali.

Sasa tarehe. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Ukiutaka kwa taa nyekundu na ngoma za simba, vizuri, ila usiende kufanya manunuzi siku mbili za mwanzo. Thaipusam, sikukuu ya Kihindu ya Watamil, huja Januari au Februari. Usiku gari la fedha hutoka lile hekalu la Jalan Tun H.S. Lee, watu wakilisindikiza kwa miguu hadi mapango ya Batu, na waliotimiza nadhiri hubeba kavadi, mzigo wa nadhiri wa mabegani, wengine wametobolewa mashavu kwa vyuma vyembamba. Ni jambo la kuonwa, lakini mwenye kuogopa umati tunamwambia mapema.

Ramadhani wateja huiogopa bure. Alasiri mabanda ya futari hujaa Kampung Baru, mtaa wa Wamalay, na mtu wa pwani hapotei: nasi lemak ni wali wa nazi, basi, juu yake dagaa wa kukaanga, karanga, yai, vipande vya tango na kijiko cha sambal ya pilipili yenye utamu wa kukuhadaa. Satay ni mishikaki, ila huchovywa kwenye mchuzi wa karanga. Chai yao, teh tarik, humiminwa kutoka juu kikombe hadi kikombe mpaka itoe povu. Mchana Mwislamu akikutwa anakula hadharani anaweza kutozwa faini. Asiye Mwislamu atapata chakula kwa Wachina na Wahindi. Tarehe tunayoikwepa kwelikweli ni Idi, wao huiita Hari Raya: jiji linahama, treni na mabasi ya kwenda vijijini yamejaa, kama Moshi wakati wa Krismasi. Na kwa kuwa Ramadhani na Idi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, ratiba ya rafiki yako ya mwaka juzi haikufai.

Malalamiko mengine ni madogo. Hoteli kukudai pesa tena mapokezi si wizi: ni kodi ya utalii, ringgit 10 (pesa ya Malaysia) kwa chumba kwa usiku, na hutozwa wageni wa kutoka nje ya nchi. Fomu ya kuingia nchini hujazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, bure. Tovuti inayokutaka ulipe siyo yenyewe. Minara ya Petronas hufungwa Jumatatu kwa wanaotaka kupanda. Plagi za nyumbani zinaingia, za pini tatu zilezile. Viza tunaiangalia kwa pasi ya kila mmoja, maana familia moja huweza kuwa na pasi za nchi mbili. Cheti cha homa ya manjano kishughulikie mapema, chanjo huhesabika baada ya siku 10.

Basi, unapotuandikia, tupe tarehe mbili: unayoitaka na unayoweza kuivumilia. Wazazi wanaokwenda mahafali ya watoto wanaosoma huko watupe siku ya sherehe yenyewe, tuzungushe mengine hapo. Na useme kama kuna mzee mwenye magoti mabovu. Ngazi za Batu ni 272, na tumbili wa pale wanapora hata chupa ya maji mkononi.