Mwanangu, fungua pazia

Mama, umeamkaje. Jana Jumapili ulivyompigia mdogo wako mi nilikuwa nyuma yake nachambua maharage, hukuniona, mi nilikuona. Kwako huko Marekani ilikuwa saa saba mchana na pazia limefungwa, umejifunika blanketi mpaka shingoni, na nyuma yako mti wa Krismasi bado umesimama na leo ni tarehe 9 Februari. Ulisema umechoka tu. Sikulala.

Kwanza huo mti. Sijakasirika, tulivyoupamba mimi na wewe na wadogo zako kwenye simu wakielekeza, unajua mwenyewe nilivyofurahi, sina haja ya kurudia. Ila ule sio wa plastiki, ulikatwa, na ukishakauka ni kuni kama kuni nyingine, alafu unaacha taa zinawaka usiku kucha na wewe uko kazini. Hata kwenye simu nimeona umekuwa kahawia na vijani vimejaa kwenye zulia. Utoe leo. Ukiwa mzito mwombe yule dada Mkenya wa ghorofa ya chini mshikane. Zile nyota zifunge kwenye gazeti moja moja, pamba niliyotandaza kwenye matawi itupe tu.

Alafu pazia. Nilikaa kwako siku 24 na nilikuwa naangalia saa. Jua linatoka saa mbili kasoro dakika kumi, saa kumi na nusu jioni limeshazama, we unatoka shifti saa moja asubuhi bado giza, unalala, unaamka giza tena. Mtu gani anaishi hivyo miezi mitatu? Huku kwetu Moshi Desemba na Juni jua halipishani sana, ndo maana sikuelewa. Mwaka wako wa kwanza ulinipigia Januari unalia nikakwambia utazoea, wenzako wanaitamani hiyo nafasi, nikakata simu nikaenda jumuiya kuwasimulia mwanangu yuko Minneapolis. Basi.

Nimemuuliza dokta wa zahanati, sikutaja jina lako. Akasema hiyo kitu ipo, huzuni inayomshika mtu majira ya baridi, na hukohuko Marekani wataalamu waliiandika tangu 1984. Mwanga ukipungua saa ya mwili inapotea, mtu analala kupita kiasi, anatamani wanga na sukari, hataki watu, na siku zikirefuka inaondoka. Na kwamba wengine wanabanwa zaidi sikukuu zikishapita, wageni wameondoka, shangwe imeisha na baridi bado ipo palepale. Nikajiona mimi na begi langu pale uwanja wa ndege.

Anasema kuna taa maalum, ya lux 10,000, hicho ni kipimo cha ukali wa mwanga, unakaa nayo karibu nusu saa hivi ukishaamka, huikodolei macho, inakaa kwa mbele pembeni we unakunywa chai. Sio balbu ya kawaida. Ila kwa kuwa unafanya kazi usiku muulize daktari wa huko uiwashe saa ngapi, na ukifika umwambie ukweli, usimwambie umechoka tu kama ulivyotuambia sisi. We ni mkaidi kama baba yako, ukaidi huohuo ndo umekufikisha huko peke yako bila mjomba wala shangazi na najivunia, lakini kwa daktari uache mlangoni. Tena kuna namba huko, 988, wanapokea saa 24, mawazo yakienda pabaya piga. Sisemi yameenda. Nasema uwe nayo.

Wakati taa haijapatikana, fungua pazia. Weka alamu saa tisa mchana, usisubiri saa kumi na moja, jua la Februari lipo mpaka kama saa kumi na moja na nusu jioni, vaa lile koti uzunguke jengo hata mara mbili. Na ule chakula, sio biskuti. Ule unga niliokuletea najua haujaisha.

Na hela ya bati, ile niliyoitaja wakati unanisindikiza. Mdogo wako kanisimulia ulichukua shifti za ziada Januari yote kwa ajili yake. Hukuniambia na mi sikuuliza, niliona imeingia nikamshukuru Mungu. Fundi mwenyewe hata hajaja, bati zimeegemea ukuta wa banda, na jiko linavuja kona moja tu naweka sufuria. Usiongeze shifti tena kwa ajili ya jiko langu. Nikisikia umeongeza nazirudisha dukani.

Mbuzi kazaa mapacha, dume na jike, jike ni la kwako. Upepo wa juzi umeangusha ndizi, migomba mitatu yenye mikungu bado michanga, imeniuma. Ada ya mdogo wako imeshalipwa nusu, iliyobaki nitauza kahawa iliyopo, wewe hiyo usiiguse.

Kesho ukiamka saa tisa nipigie. Huku itakuwa saa sita usiku, nitakuwa macho. Geuza simu kwanza nione dirisha, alafu ndo nikuone wewe.

Mama yako