Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote. Mambo ya kawaida sitayachukulia muda. Kamati imekaa vikao vyake, mtaro wa nyuma umezibuliwa, tumezika wenzetu wawili na usafi wa Jumamosi unaendelea. Hayo mnayaona wenyewe.

Lililoleta maneno mwaka huu ni kamera za ulinzi za madukani kwetu. Imesemwa kwenye magrupu na kwenye vijiwe vya kahawa kwamba mwenyekiti ameumaliza mfuko wa kufa na kuzikana. Naomba mnisikilize.

Mkutano mkuu wa kulijadili hilo tuliuitisha mara mbili, Februari na Machi. Kati ya wanachama 142 walifika 37, mara ya pili 29. Akidi haikutimia. Katikati ya hapo maduka matatu yakavunjwa ndani ya wiki mbili, na kila asubuhi mlinzi hana la kusema ila "sikuona". Mimi nilikuwepo usiku wa Julai 10, 2021, soko kuu letu hapa Kariakoo lilipoungua, na tangu siku ile kusubiri siwezi. Kamati ikaridhia, nikaazima kwenye mfuko huo shilingi milioni 4.8. Nasema nikaazima. Risiti ziko kwa mhazini, na 300,000 za fundi nilitoa mfukoni mwangu, sijazidai.

Zimefungwa kamera 12, mashine ya kurekodia, na betri inayobeba saa 3 umeme ukikatika. Diski ni ya terabaiti 4: inahifadhi siku 15 hivi, kisha picha mpya zinafuta za zamani. Aliyekuja kulalamika baada ya mwezi hakufichwa kitu. Picha zilikuwa zimeshafutika.

Agosti kijana wa mkokoteni alikamatwa, akidaiwa kuiba belo la vitenge. Watu wameshajaa, mmoja ameshika nondo. Nilimvuta mwenye mali hadi ofisini tukarudisha picha. Saa 11 kasorobo alfajiri, lango la nyuma: kijana wa shati la njano anashusha belo, anahesabu milango kwa kidole, anaingiza mzigo stoo ya jirani, anaondoka na mkokoteni mtupu. Tulilikuta belo palepale, chini ya turubai. Yule kijana leo yuko hai, na mnamwona kila siku akivuta mizigo yenu. Kwangu hilo peke yake lilitosha.

Ni kamera hizohizo zilizotuonyesha kwamba foleni ya asubuhi inaletwa na malori na mikokoteni kugombea lango moja. Tukaihamishia mikokoteni nyuma, na sasa mzigo unashuka mapema.

Akina mama wa korido ya pili walilalamika kwamba kamera inawaona wakihesabu fedha. Walikuwa na haki, tumeigeuza itazame ngazi. Tumebandika mabango ya kuwajulisha watu kwamba kuna kamera. Pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usajili tumeuanza. Nywila ya kufungulia picha tunayo mimi na katibu tu. Mnasema nimeikalia, lakini Juni tulipoiachia wengi, picha ya mwenzetu akigombana na mkewe dukani ilizunguka mjini kabla ya adhuhuri. Niliona aibu hata kumtazama usoni. Sitairuhusu tena.

Sasa ada. Waliolipa mwaka mzima ni 61. Waliobaki 81, kwa 120,000 kila mmoja, wanadaiwa shilingi milioni 9.72. Fedha hiyo ingerudisha mfuko wote mara mbili na chenji ikabaki. Nimepitia daftari: wengi wanaoniuliza fedha ya mfuko iko wapi hawajalipa tangu Januari. Nawaomba, walipeni wafiwa wa kesho.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kuongeza kamera upande wa ngazi na kutafuta vitambua moshi, kadiri fedha itakavyoruhusu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti