Kipimo cha kolesteroli kisiishie kwenye jumla

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu vipimo vya kolesteroli imegusa jambo zito, lakini imeishia kwenye kiwango cha jumla na kile cha LDL, ile iitwayo kolesteroli mbaya. Kinachodhuru mishipa ni chembe zinazobeba mafuta hayo na kupenya kwenye kuta zake, na watu wawili wenye LDL sawa wanaweza kutofautiana kwa idadi ya chembe hizo. Kila chembe ina molekuli moja tu ya protini iitwayo apolipoprotini B. Ukiipima hiyo, umezihesabu chembe zenyewe. Kwa mwenye kisukari au trigliseridi nyingi (aina nyingine ya mafuta kwenye damu), tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Ipo pia lipoprotini(a), chembe inayofanana na LDL na inayodhuru mishipa vilevile, ambayo kiwango chake mtu hukirithi na lishe haikibadilishi sana. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 ulishauri kila mtu mzima aipime walau mara moja maishani. Mara moja tu! Naomba madaktari wakiagize kipimo hiki, hasa kwa wenye ndugu waliopata shambulio la moyo wakiwa bado vijana, na bima za afya zikigharimie. Majibu yakiwa ya juu, LDL, shinikizo la damu na uvutaji sigara vidhibitiwe mapema, kabla kifua hakijaanza kuuma.

Msomaji wenu