Barua ya malalamiko: Chupa za ukumbusho mmezilipa kwa mizani

Lexington, Kentucky
4 Agosti 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja
Ofisi ya Louisville

Ndugu Meneja,

YAH: KUHARIBIWA KWA CHUPA 14 ZA UKUMBUSHO ZA WISKI YA BOURBON, NA KUREJESHA HUNDI YENU

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu tangazo lenu nililisoma kwa Kiswahili, limebandikwa kwenye mlango wa duka ninakonunua unga wa ugali pale Louisville. Lilisema mnahamisha mizigo kwa uangalifu, "hata vitu maalumu." Neno hilo "maalumu" ndilo lililonifanya niwapigie nyinyi, nisikodi lori na kuwasumbua washikaji siku yao ya mapumziko.

Ndani ya bahasha hii mtakuta hundi yenu ya fidia ya dola 25 na senti 20. Sikuipeleka benki.

Mnakumbuka kazi yenyewe: tarehe 12 Julai mlipakia vitu vyangu Louisville, vikakaa siku tisa kwenye bohari lenu kwa kuwa nyumba ya Lexington ilikuwa bado inapigwa rangi, na tarehe 21 mkavileta. Makochi yamefika salama. Vyombo vya mke wangu vimefika salama, hata kinu na mchi. Kwa hayo nawashukuru, tena kwa dhati. Ila yale maboksi matatu niliyoyaandika kwa kalamu nyekundu "JUU HUKU, USILAZE", yote matatu niliyakuta yamelazwa.

Nianze na swali la kijana wenu wa madai, maana naona ndilo lililozaa barua yenu ya tarehe 29. Nilipompigia alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Lakini mzee, pombe si bado imo? Chupa si hazijapasuka? Sasa kilichopotea ni nini?" Kabla sijajibu akacheka kidogo, akaongeza: "Si uinywe tu iishe."

Kilichopotea nitakieleza. Bourbon ya kunywa hainisumbui. Kwa sheria ya Marekani ni wiski ambayo angalau asilimia 51 ya nafaka yake ni mahindi, ikakaa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani, na hapa Kentucky unaikuta hadi kwenye maduka ya dawa. Nikiitaka ya kunywa nitavuka barabara. Lakini chupa ya ukumbusho mara nyingi ina kinywaji kilekile cha kila siku. Mtu anayekusanya hatafuti kilichomo. Anatafuta lebo ya mwaka fulani, kizibo, nta, boksi lake, saini. Mmenirudishia kinywaji mkabaki na hivyo vingine vyote, halafu mnaniuliza nalalamikia nini.

Chukueni chupa moja tu, ile ya 2020. Watengenezaji wa bourbon ya Woodford Reserve hutoa chupa ya lita moja kwa ajili ya mbio za farasi za Kentucky Derby kila mwaka tangu 1999, na kila mwaka msanii hupewa kazi ya kuchora picha ya lebo. Mbio zenyewe zilianza 1875, na desturi ni Jumamosi ya kwanza ya Mei. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, zilisogezwa hadi tarehe 5 Septemba, na farasi wakakimbia bila watazamaji uwanjani. Mwaka ule nilikuwa nafanya usafi wa usiku katika wadi ya wagonjwa wa korona. Jumamosi ile nilitoka kazini, nikalala, nikaamka kutazama mbio kwenye simu nikiwa nimekaa kitandani, na sauti ya umati haikuwepo. Chupa ya mwaka huo niliinunua kama wengine wanavyotunza kitambulisho cha kazi ya zamani. Nilikuwa sijawahi kuifungua.

Watu wenu waliifunga pamoja na chupa nyingine mbili kwa selotepu pana, ile ya kahawia ya kufungia maboksi, wakaizungusha moja kwa moja juu ya lebo. Pale ilipobanduliwa, iliondoka na karatasi. Kichwa cha farasi wa mbele hakipo. Kimebaki kwenye selotepu, nimekihifadhi, na picha yake nimeambatanisha. Chupa iko nzima. Pombe imo yote. Kijana wenu hajakosea kwa hilo.

Sasa suala la kulaza. Labda mtu aliyepakia aliona chupa za mvinyo zinavyolazwa madukani akadhani ni sheria ya chupa zote. Mvinyo hulazwa ili kizibo chake kisikauke. Wiski ina kilevi kikali, asilimia 40 na zaidi, na ikikaa ikigusa kizibo inakila taratibu. Chupa mpya ingestahimili siku chache. Chupa yangu ya Derby ya 2003, yenye kizibo cha zaidi ya miaka ishirini, ililazwa siku tisa ndani ya bohari la bati katika joto la Julai. Kizibo kilibomoka kama mkate mkavu, kinywaji kikachuruzika hadi kikashuka chini ya bega la chupa, na kwa mkusanyaji, hata kama hakuna kingine kilichoharibika, chupa iliyoshuka kiasi hicho tayari imekwisha thamani.

Ila haikuishia kwenye chupa yake. Ililowesha jirani yake, chupa ya bourbon ya Maker's Mark iliyotolewa kwa heshima ya uwanja wa mbio za farasi wa Keeneland. Hizo, kwa msiozijua, watu huzipangia foleni hapa Lexington mwezi wa Aprili ili zitiwe saini. Mwaka nilioipata yangu nilitoka Louisville saa tisa usiku, nikasimama kwenye baridi nikiwa nimejifunga kanga ya mke wangu shingoni kama skafu, mama mmoja wa mbele yangu akanigawia kahawa ya chupa yake. Nikapata saini mbili, za wino wa kalamu ya alama. Wino wa namna hiyo haujali maji sana, lakini kilevi kinaufuta kabisa. Sasa mahali pa saini pana wingu la rangi ya zambarau. Na ile nta yake ya shingoni imelainika kwa joto ikanata kwenye gazeti lililofungiwa. Ukiigeuza kwenye mwanga unasoma tangazo la magari yaliyotumika, herufi zimegeuka kinyume.

Hapo mke wangu alicheka. Niseme ukweli, yeye ni mlokole, na siku zote amesema chupa thelathini na moja za pombe hazina kazi kwenye nyumba ya watu waliookoka nusu. Alipoona ile nta alisema Bwana amejibu. Lakini aliposoma barua yenu alikasirika kuliko mimi, na hesabu zilizomo humu amezikagua yeye.

Kuhusu ushauri wa kunywa iishe, nawaomba mmwambie kijana wenu asimwambie hivyo mteja mwingine. Mojawapo ya hizo 14 ni bata mzinga wa kauri, chombo cha bourbon ya Wild Turkey cha miaka ya 1970, enzi ambazo makampuni ya wiski yalikuwa yakijaza bourbon kwenye sanamu za kila aina: magari, treni, ndege, wanasiasa. Kampuni ya Jim Beam peke yake walitoa nyingi hadi wakusanyaji wakaunda vilabu. Kauri za zamani za namna hiyo zinaweza kuachia madini ya risasi ndani ya kinywaji kilichokaa humo miaka mingi. Hainywewi. Yule bata nilipewa na mzee jirani yangu, fundi bomba mstaafu, ambaye nilikuwa namkatia majani ya uani na kumpeleka kliniki. Ndiye aliyenianzisha katika ugonjwa huu. Alinipa akaniambia nisimfungue, nisimwuze, na nisimweke juani. Nimelinda yote matatu kwa miaka kumi na moja, nanyi mmemvunja mdomo na kipande cha mkia. Vipande havikuwemo ndani ya boksi, maana yake alivunjikia nje, na mtu akamfunga akijua.

Kuna zile chupa nyingine kumi, ambazo lebo zimekwaruzika au maboksi yake yamepondeka. Sitawachosha, zimo kwenye orodha pamoja na picha.

Nakuja kwenye fedha. Barua yenu inasema nilikubali fidia ya senti 60 kwa kila paundi ya uzito, kwamba chupa zilizoharibika zina paundi 42, hivyo dola 25 na senti 20. Kifungu hicho kipo, nilikisaini, sikatai. Lakini siku ile ile mwakilishi wenu alinipa fomu nyingine ya vitu vya thamani kubwa, akasema vitakavyoandikwa humo haviendi kwa uzito. Niliandika chupa zote 31, moja moja, jina, mwaka na thamani. Akaweka saini na muhuri. Nakala yangu ya karatasi ya njano ninayo, na nimeitoa fotokopi. Barua yenu haiitaji fomu hiyo hata kwa mstari mmoja. Ama imepotea ofisini, ama mmeamua isionekane. Nitashukuru mkiniambia ni lipi.

Mmependekeza pia nitafute chupa kama hizo "mtandaoni kwa watu binafsi." Hapa Kentucky mtu asiye na leseni haruhusiwi kuuza pombe, na posta ya Marekani haipokei kifurushi cha pombe hata ukibembeleza. Njia halali ipo: sheria ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika Januari 2018, iliwaruhusu wenye leseni kununua chupa za zamani ambazo hazijafunguliwa kutoka kwa watu binafsi na kuziuza tena. Nilizipeleka zile 14 kwenye duka moja la aina hiyo. Mwenye duka alivaa miwani, akawasha tochi nyuma ya kila chupa kuona kinywaji kimefika wapi, akapitisha ukucha ukingoni mwa lebo, akanusa shingo ya ile ya 2003 na kuirudisha mezani bila kusema neno. Tathmini yake ya maandishi ni kwamba nimepoteza dola 1,310. Bata mzinga hakumwekea bei kubwa. Soko la kauri zile limeshuka siku nyingi. Nami sikumwongezea, ingawa ndiye anayeniuma zaidi.

Ninachodai ni dola 1,310 kulingana na fomu yenu wenyewe, pamoja na dola 60 nilizolipia tathmini. Nataka jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, likieleza ile fomu ya njano imefikia wapi kwenu. Simu sitapokea kwa jambo hili, kwa sababu simu ya kwanza iliishia kwenye kicheko. Siku hizo zikipita nitafungua shauri katika mahakama ya madai madogo. Kikomo chake hapa Kentucky ni dola 2,500, kwa hiyo nitaenea bila wakili.

Kuna jambo la mwisho ambalo halimo kwenye zile 14 wala kwenye hesabu, na hili naliomba tu.

Ukutani nilikuwa na ubao wa pipa wenye vizibo vinane vya chupa za bourbon ya Blanton's. Kila kizibo kina farasi mdogo wa madini na mpanda farasi wake, na kila kimoja kina herufi. Ukivipata vyote vinane vinaandika jina la wiski yenyewe, na farasi wanaonekana hatua kwa hatua, kuanzia aliyesimama hadi anayevuka mstari. Hivyo vizibo havikununuliwa dukani kimoja kimoja. Vimetokana na chupa tulizokunywa sisi wenyewe, vidole viwili viwili, Jumamosi baada ya Jumamosi, na kwa kuwa huwezi kuchagua herufi ndani ya boksi lililofungwa, nilipata L tatu kabla ya kupata T. Ilinichukua miaka sita.

Ubao umefika na farasi saba. N zote mbili zipo. Aliyekosekana ni wa S, yule ambaye mpanda farasi wake amenyanyua ngumi kwa kushinda. Ana ukubwa wa kidole gumba. Tafadhali mtu aingie na tochi kwenye lile lori mlilotumia, aangalie chini ya mbao za sakafu na ndani ya yale mablanketi ya kufungia makabati, kabla halijafagiliwa tena. Akipatikana, msimtume kwa posta. Nitakuja Louisville mwenyewe kumchukua.

Wenu,

Mteja, mkataba wa tarehe 12 Julai 2025

Viambatanisho: hundi yenu, fotokopi ya fomu ya vitu vya thamani, tathmini ya maandishi, orodha na picha za chupa 14, kipande cha selotepu chenye kichwa cha farasi (picha tu, chenyewe nimebaki nacho).