Lifti zisizo na vitufe ndani: mgeni afundishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa hapa Tabora aliyelalamikia lifti za baadhi ya majengo marefu ya Dar es Salaam, zile ambazo ukishaingia ndani hukuti kitufe hata kimoja cha ghorofa. Aliandika kwamba zimewekwa kuwababaisha watu wa mikoani na akataka zipigwe marufuku. Nimefanya kazi ya ufundi wa lifti Dar kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na lifti za aina hiyo nimezifunga na kuzihudumia kwa mikono yangu. Hasira yake naielewa kabisa, ila ameielekeza kusiko.

Kwanza nieleze kwa nini vitufe vimeondolewa ndani. Lifti ya kawaida ukiiita kutoka chini haijui unakwenda wapi. Inachojua ni kwamba kuna mtu anataka kupanda, basi. Sasa chukulia ni saa mbili kasorobo asubuhi, jengo lina ghorofa 20, na wafanyakazi wote wako chini wanasubiri. Wanaingia watu 12, kila mmoja na ghorofa yake. Ukipiga hesabu, lifti hiyo itasimama kwa wastani mara 9 kabla ya kumaliza kupanda. Na kila ikisimama inapunguza mwendo, mlango unafunguka, mtu anatoka, mlango unafunga, inaondoka tena. Hapo sekunde 10 hivi zimekwenda. Anayekwenda ghorofa ya 19 anasimamishwa njia nzima, na walioko chini wanaendelea kuitazama namba ya juu ya mlango wakiomba ianze kushuka. Jengo likiwa na lifti nne na zote zinafanya hivyo hivyo, foleni inafika barazani.

Katika mfumo huu mwingine unataja unakokwenda ukiwa bado chini. Unabonyeza namba ya ghorofa kwenye kioo kilichoko ukutani au kwenye nguzo, kompyuta inakujibu kwa herufi: A, B, C au D. Hiyo ndiyo lifti yako. Wale utakaopanda nao wanakwenda ghorofa yako au za jirani, kwa sababu kompyuta imewakusanya makusudi. Ikiwa lifti A imepewa ghorofa tano tu kwa safari hiyo, watu wale wale 12 wataisimamisha kwa wastani mara zisizofika 5. Inarudi chini mapema na kubeba wengine. Huenda ukasubiri mlangoni kidogo zaidi ya ulivyozoea, lakini ukishaingia unafika upesi. Vitufe vya ghorofa ndani havina kazi tena, ndiyo maana utakuta cha kufungulia mlango na cha kuomba msaada tu.

Sisi wa Tabora jambo hili tunalijua toka zamani. Treni ya reli ya kati ikitoka Dar, abiria wa Kigoma na wa Mwanza wameshagawiwa mabehewa kwenye tiketi, kwa kuwa hapa stesheni kwetu treni inakatwa, mengine yashike njia ya magharibi na mengine ya kaskazini. Hakuna anayepanda kwanza ndipo aseme anakokwenda.

Wala wazo hili si la jana. Mhandisi Leo Port wa Sydney, Australia, ambaye baadaye alikuja kuwa meya wa jiji hilo, alilibuni mwaka 1961. Kilichomkwamisha ni vifaa vya wakati wake, maana hesabu ya kumpangia kila abiria lifti ni nzito kuifanya kwa swichi za sumaku. Port alifariki mwaka 1978. Kompyuta ndogo zilipokuwa za bei nafuu, kampuni ya Schindler ya Uswisi ikauingiza mfumo huo sokoni katika miaka ya 1990, na leo kampuni zote kubwa za lifti duniani zinauza wa kwao.

Sasa nije kwenye lawama yenyewe. Katika jengo moja nililokuwa nikihudumia, aliingia mzee mmoja na bahasha ya kaki, amevaa koti lililopigwa pasi vizuri. Alikuwa anakwenda ghorofa ya 15. Mlinzi alimnyooshea kidole kwenye kioo, "Mzee, bonyeza pale." Akabonyeza 1, akainama kutazama karatasi yake ahakikishe. Kioo hakikumsubiri. Sekunde chache zikipita bila namba ya pili, mtambo huchukulia umemaliza, ukampa herufi B kwa ghorofa ya kwanza. Mzee akaingia B, mlango ukafunga, akatafuta pa kubonyeza 5 asipaone. Akatolewa ghorofa ya kwanza, akashuka kwa ngazi, akaanza upya, yakatokea yale yale. Nilipomfuata nikamwamkia, akaniambia, "Mwanangu, hii lifti yenu imeharibika."

Lifti haikuwa na ubovu wowote. Pembeni ya kile kioo palikuwa na maelezo mazuri kabisa, yamechapwa kwa rangi, yote kwa Kiingereza. Katika nchi ambayo mzee yule angeweza kusoma gazeti hili lote kwa Kiswahili, mwenye jengo aligharamia marumaru na maua ya plastiki, akashindwa kuchapa mistari mitatu ya Kiswahili: bonyeza namba zote bila kusimama katikati, subiri herufi, nenda kwenye mlango wenye herufi hiyo. Hilo ndilo linaloniuma, Mhariri, na nimeliona kwenye majengo kadhaa. Sauti inayotangaza ghorofa nayo hurekodiwa, haizaliwi na mtambo. Nani aliamua kwamba Dar es Salaam lifti iseme Kiingereza peke yake?

Kwa wasioona hali ni mbaya zaidi. Vitufe halisi vya namba, kama vile vya simu, vina kinundu kwenye namba 5, kidole kinajua kilipo. Kioo laini hakina cha kushika. Ndiyo maana mifumo mingi inakuja na kitufe cha pekee chenye alama ya kiti cha magurudumu. Ukikibonyeza, mtambo huanza kukuelekeza kwa sauti, na mlango hukaa wazi muda mrefu kidogo. Ni msaada mkubwa kwa asiyeona, kwa wa magongo, kwa mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi. Lakini kitufe hicho nimekikuta kimezimwa tangu siku ya makabidhiano, eti kelele zinaudhi mapokezi. Wasimamizi wa majengo, kiwasheni leo. Na mlinzi wa pale chini, ambaye ndiye mtu wa kwanza mgeni anakutana naye, apewe nusu saa ya mafunzo ili aweze kumsogelea mtu na kumwonyesha badala ya kunyoosha kidole.

Wenyeji wa majengo nao wana lao. Watu watano wanarudi kutoka kula, mmoja anabonyeza kwa niaba ya wote. Kompyuta imetenga nafasi ya mtu mmoja, kwa hiyo inaendelea kuwapa wengine lifti hiyo hiyo. Inajaa, waliopangiwa kihalali wanabaki nje, wanarudi kubonyeza upya na kuipa kompyuta abiria ambao ilishawahesabu. Mwingine ana haraka, anabonyeza mara nne akidhani anaisukuma. Anatengewa nafasi za watu wanne, na lifti inaondoka nusu tupu. Halafu wanasema mfumo ni mbovu. Kila mtu abonyeze mwenyewe, mara moja.

Kuhusu ombi la msomaji mwenzangu kwamba lifti hizi zisifike Tabora, hapo nakubaliana naye kwa sababu nyingine. Mfumo huu ni wa kugawa watu wengi kwenye lifti nyingi. Majengo yetu ya ghorofa nne au tano yenye lifti moja au mbili hayana cha kugawa. Anayekuja kukuuzia kioo cha namba kwa jengo la namna hiyo anakuuzia urembo. Fedha hiyo iongeze lifti ya pili, ili moja ikiwa kwenye matengenezo mgonjwa asibebwe kwa ngazi. Kama haitoshi, inunue kifaa cha betri ambacho umeme ukikatika huisogeza lifti hadi ghorofa ya karibu na kufungua mlango, watu wasikwame gizani wakigonga ukuta. Na kabla ya kusaini, muulize muuzaji ana fundi na spea wapi, maana lifti ikizimika Tabora na fundi yuko Dar, wanaoteseka ni wazee na wajawazito wa hapa hapa.

Kwa ndugu yangu aliyeandika, na wengine watakaosafiri: ukifika kwenye jengo la namna hiyo uwe na namba ya ghorofa kichwani kabla ya kusogelea kioo. Bonyeza tarakimu zote kwa mkupuo. Shika herufi uliyopewa, na usidandie lifti nyingine hata ukiiona ina nafasi, kwa sababu haitasimama kwako. Ikikupita, rudi kwenye kioo ubonyeze tena. Ukijikuta ghorofa isiyo yako, usishuke kwa ngazi kama yule mzee. Toka nje ya lifti, kuna kioo kama kile kile kwenye kila ghorofa. Na akikwambia mtu "soma hapo" wakati hapo pameandikwa lugha usiyoijua, mwombe aje akusomee, ni haki yako kama mgeni wa jengo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa lifti,
Isevya, Tabora